Mbona Bingwa wa Kuogelea Chali Anavuliwa Dhahabu, Kisha Anarudishiwa?

Tarehe 25 Juni 2022, katika Mashindano ya Dunia ya kuogelea mjini Budapest, Hungaria, wanaume wanane walilala chali wakashindana mita 50. Mmarekani Justin Ress aligusa ukuta kwa sekunde 24.12. Mwenzake wa timu, Hunter Armstrong, akafuata kwa 24.14, na kijana wa Poland, Ksawery Masiuk, akawa wa tatu kwa 24.49. Muda mfupi baadaye ubao wa matokeo ukabadilika. Ress ameondolewa, Armstrong ndiye bingwa wa dunia. Marekani ikakata rufaa, picha za video zikatazamwa upya, na Ress akarudishiwa dhahabu. Armstrong akarejea kwenye fedha.

Kosa alilodaiwa Ress ni kwamba mwili wake wote ulizama kabla mkono wake haujagusa ukuta.

Sisi wa magharibi mwa Kenya tumekuzwa na riadha. Mtoto wa Kondele, hapa Kisumu, anajua kwamba mkimbiaji akikanyaga leni ya mwenzake huenda akaondolewa, na anaelewa kwa nini. Lakini mtu kufika wa kwanza, akiwa chali, ndani ya leni yake, bila kumsumbua yeyote, kisha akavuliwa ushindi kwa sababu maji yalimfunika kwa kitambo cha kupepesa jicho? Hilo linawachanganya wengi. Malalamiko ya namna hiyo husikika hata kwenye magala, yaani mashindano ya kuogelea, ya shule hapa Kisumu na kule Nakuru. Mzazi anamwendea kocha akiwa amekunja uso: "Kocha, si umejionea mwenyewe mtoto ameshika ukuta wa kwanza? Mbona mmemtoa?" Kocha, ambaye ana kundi zima la watoto wa kupanga kwa mbio inayofuata, anamjibu tu, "Ni sheria, mama."

Jibu hilo halimtoshi mzazi, na halimtoshi mtoto aliyeketi pembeni na taulo begani. Sheria hizi zina sababu. Karibu kila kifungu kigumu cha mbio za chali kiliandikwa baada ya mwogeleaji fulani kugundua njia ya kwenda kasi zaidi, na wakuu wa mchezo wakalazimika kuamua kama bado hiyo ni chali. Ukizifuata sheria kwa mpangilio huo, mmoja baada ya mwingine, hata kisa cha Ress kinaeleweka.

Tuanze na chali yenyewe. Kanuni haimtaki mwogeleaji alale bapa. Mwili unaruhusiwa kuviringika upande mmoja na mwingine, mradi usifikie nyuzi 90 kutoka usawa wa maji. Kichwa hakihesabiwi: anaweza kukigeuza atakavyo, kinachoangaliwa ni mabega. Na kuviringika huko si uzembe. Bega moja likiinuka, mkono hutoka majini kwa wepesi, na mkono wa pili hushika maji yaliyo chini zaidi ambayo hayajavurugwa. Ukimwona mtoto anaogelea chali huku mabega yamenyooka bila kuyumba hata kidogo, ujue anajichosha bure.

Sasa mwanzo wa mbio. Mitindo mingine mitatu, yaani mtindo huru, wa chura na wa kipepeo, huanza kwa kuruka kutoka jukwaani. Wa chali huanzia majini. Refa hupiga filimbi ndefu, waogeleaji wanaingia kidimbwini; anapiga ya pili, wanarudi ukutani bila kuchelewa, wanashika vyuma vilivyo chini ya jukwaa kwa mikono miwili, wakitazama ukuta. Mwanzishaji anawaamuru wajiweke tayari. Wanajivuta juu, magoti yamekunjwa kifuani, na mlio ukitoka wanajirusha kinyumenyume, mgongo umepinda juu ya maji.

Hapo pana tatizo la miguu. Ukuta unateleza, na mguu ukiteleza wakati wa kujirusha, mwogeleaji anaanguka palepale alipo huku wenzake wameshatangulia. Zamani wengine walijaribu kukunja vidole vya miguu juu ya ukingo ili wapate mshiko, hilo limekatazwa. Suluhisho lililokubaliwa ni kikanyagio chembamba kinachoning'inizwa ukutani, na kwenye Olimpiki kilitumika kwa mara ya kwanza Rio de Janeiro mwaka 2016. Hata kikiwepo, vidole vya miguu yote miwili lazima viguse ukuta wenyewe au padi ya kupimia muda. Anayekanyaga kikanyagio peke yake amevunja sheria.

Kwa sababu ya mwanzo huu wa majini, katika mbio za kupokezana za mitindo minne mwogeleaji wa chali ndiye hutangulia. Akiwekwa katikati, angekuwa anashuka majini na kushika vyuma huku mwenzake anakuja kugusa ukuta uleule. Na kwa kuwa anayetangulia huanza kwa mlio kama katika mbio za kawaida, muda wake unakubaliwa kuwa rekodi. Ndiyo maana Ryan Murphy wa Marekani alishinda dhahabu yake ya mita 100 Rio kwa sekunde 51.97, lakini rekodi ya dunia aliiweka katika kupokezana, kwa 51.85, kwenye michezo ileile.

Kutoka hapo tunaingia chini ya maji, na hapa ndipo penye utajiri wote wa mbio hizi.

Mashua ya injini ikitoka ufuoni Dunga huacha mawimbi yakitawanyika pande zote mbili. Nguvu iliyoinua mawimbi hayo imetoka kwenye injini, lakini haikuisukuma mashua mbele hata kidogo. Mwili wa mwogeleaji juu ya maji hupoteza nguvu vivyo hivyo, na kadiri anavyoongeza kasi ndivyo wimbi linavyomla zaidi. Akishuka kina kidogo chini ya uso wa maji, wimbi hilo hupungua sana. Basi mtu aliyetoka ukutani kwa kishindo, akanyoosha mikono juu ya kichwa, kiganja juu ya kiganja, akabana masikio kwa mikono yake na kupiga miguu yote miwili kwa pamoja, mwili ukicheza kuanzia kifuani hadi kwenye vidole, anaweza kumpita yule anayepiga mikono juu. Teke hilo huitwa teke la pomboo. Gharama yake ni pumzi: misuli mikubwa ya mapaja inakula hewa nyingi wakati ambapo mtu hawezi kuvuta hata kidogo.

Aliyeulazimisha ulimwengu kulitazama teke hilo ni David Berkoff, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 1988 alikuwa anakaa chini ya maji kwa zaidi ya nusu ya urefu wa kidimbwi cha mita 50 kabla hajaibuka. Kwenye mchujo wa mita 100 katika Olimpiki ya Seoul aliweka rekodi ya dunia, sekunde 54.51. Watazamaji waliona leni yake tupu, kisha kichwa kikatokea mbele ya wote.

Lakini fainali haikuwa yake. Mjapani Daichi Suzuki naye alikuwa bingwa wa kukaa chini, na katika fainali aliongeza idadi ya mateke yake kuliko alivyofanya kwenye mchujo. Berkoff aliibuka akiongoza, Suzuki akiwa karibu, na katika mita za mwisho Suzuki akampita: 55.05 kwa 55.18. Igor Polyansky wa Umoja wa Kisovieti, ambaye mapema mwaka huo ndiye aliyekuwa na rekodi ya dunia, akawa wa tatu kwa 55.20. Tofauti ya dhahabu na shaba ni sehemu 15 za mia za sekunde. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Japani katika kuogelea tangu mwaka 1972, na miaka mingi baadaye Suzuki alikabidhiwa uongozi wa wakala wa michezo wa serikali ya Japani.

Baada ya Seoul shirikisho la kuogelea la dunia liliona hatari mbili: watazamaji watakuwa wanatazama maji matupu, na watoto watajaribu kubana pumzi kupita kiasi. Hiyo ya pili naiona nzito kuliko ya kwanza. Kwanza likaweka kikomo cha mita 10, kisha mwaka 1991 kikawa mita 15, na hapo ndipo kilipo hadi leo. Kila baada ya mwanzo na kila baada ya kugeuka, kichwa cha mwogeleaji lazima kiwe kimepasua uso wa maji kufikia mita 15. Alama ya mita 15 huwekwa kwenye kamba za leni kwa rangi tofauti. Baada ya alama hiyo, sehemu fulani ya mwili lazima ionekane juu ya maji wakati wote, isipokuwa wakati wa kugeuka na, tangu mwaka 2023, katika mita chache za mwisho nitakazozieleza.

Kwa hesabu hiyo, katika kidimbwi cha Olimpiki cha mita 50, mtu wa mita 100 anaweza kuwa chini ya maji kwa mita 30. Katika kidimbwi cha mita 25 anatoka ukutani mara nne, kwa hiyo anaweza kuwa chini kwa mita 60 kati ya 100. Vidimbwi vingi vya shule na vilabu vya huku kwetu vyenye kipimo cha mashindano ni vya mita 25. Cha mita 50 tunachokijua sote ni cha Kasarani, Nairobi. Maana yake ni kwamba mtoto wa Kisumu anayeshindana katika chali anahitaji teke la pomboo hata zaidi ya yule anayefanyia mazoezi katika kidimbwi kirefu. Mara nyingi mafunzo yetu yanakazia mikono, mikono, mikono. Mtoto anatoka ukutani, anaibuka baada ya mita 3, na hapo ameshaipoteza mbio. Namwomba kila kocha anayesoma hapa alitazame hilo, ila kwa uangalifu: asiyakubali mashindano ya kubana pumzi yanayochezwa na watoto bila mtu mzima, maana mtu anaweza kuzimia chini ya maji kimyakimya, na asifanyie hayo mahali penye maji mafupi.

Kugeuka nako kuna historia. Kabla ya mwaka 1991 mwogeleaji wa chali alilazimika kugusa ukuta kwa mkono akiwa bado chali, ndipo ageuke. Ilikuwa kazi ya kujipindapinda yenye kupoteza muda. Kanuni mpya ikamruhusu kugeukia kifudifudi anapokaribia ukuta, apige pinduo la kichwa chini miguu juu, na auguse ukuta kwa miguu. Unafuu huo ulikuja na masharti. Mabega yakishageuka kifudifudi, anaruhusiwa mvuto mmoja tu wa mkono, au wa mikono miwili kwa pamoja, na mvuto huo uanze mara moja na uendelee bila kukatika hadi kwenye pinduo. Hakuna kuteleza kifudifudi ukisubiri ukuta ukufikie. Na miguu ikiuacha ukuta, mwili uwe umerudi chali.

Makosa mengi ya watoto hutokea hapa. Mtoto anageuka mapema mno kwa kuogopa kugonga kichwa, anaukuta ukuta uko mbali, anapiga miguu kifudifudi kuusogelea. Mzazi aliye kwenye benchi anaona mtoto amegeuka vizuri. Mwamuzi aliyesimama juu ya leni hiyo ameona mteleko, ameinua mkono.

Kisa kikubwa cha kugeuka ni cha Athens, mwaka 2004, katika fainali ya mita 200. Aaron Peirsol wa Marekani aliwaacha wenzake kabisa: dakika 1 na sekunde 54.95, rekodi ya Olimpiki, Markus Rogan wa Austria akifuata kwa 1:57.35 na Razvan Florea wa Romania akiwa wa tatu. Kisha ubao ukatangaza kwamba Peirsol ameondolewa kwa kugeuka vibaya. Rogan akawa bingwa, kwa muda wa nusu saa hivi. Wamarekani wakapinga, na uamuzi ukabatilishwa. Maelezo ambayo mwamuzi wa leni aliyaandika hayakutosheleza, wala hayakuandikwa katika lugha ya kazi ya shirikisho. Austria na Uingereza nazo zikakata rufaa, zikashindwa. Siku chache kabla, Peirsol huyohuyo alikuwa amelalamika hadharani kwamba Mjapani Kosuke Kitajima alipiga teke lisiloruhusiwa katika mtindo wa chura, kwa hiyo kuna waliohisi kwamba alikuwa anatazamwa kwa jicho kali. Hilo haliwezi kuthibitishwa, na mimi silijengei hoja.

Ninachotaka mzazi akione ni njia ambayo kuondolewa hupitia. Mwamuzi wa kugeuka au wa mtindo huona kosa, huliripoti na kuliandika, na refa ndiye anayeamua kulikubali au kulikataa. Maandishi yanapaswa kusema kosa lilikuwa lipi na lilitokea wapi. Anayepinga ana dakika 30 baada ya mbio kuwasilisha malalamiko yake kwa maandishi, na dhamana ya fedha juu yake. Kelele za benchi hazimo katika utaratibu huo. Ukimwendea refa na swali la adabu, "Ni kosa gani, na lilikuwa mita ya ngapi?", unauliza kitu ambacho kinapaswa kuwa kimeshaandikwa.

Turudi Budapest sasa, kwenye ukuta wa mwisho.

Anayeogelea chali hauoni ukuta. Ndiyo sababu ya zile bendera ndogo zilizoning'inizwa kwenye kamba juu ya kidimbwi, mita 5 kutoka kila mwisho, kimo cha mita 1.8 juu ya maji. Akizipita, mwogeleaji anahesabu mikono. Kila mmoja anaijua hesabu yake kutoka kwenye bendera hadi ukutani, na hesabu ya mwendo wa kasi si ile ya mazoezi ya polepole. Mkono wa mwisho haunyooshwi kwa upole, hutupwa. Kichwa kinarudi nyuma, kifua kinapanda, bega linanyooka kuelekea ukutani, miguu inapiga kwa nguvu, na mwili uliopinda hivyo huzama. Ni jambo la maumbile: ukitupa kichwa na mkono nyuma, maji yanakufunika uso, tumbo na magoti.

Katika mbio ya sekunde 24, mwogeleaji anakwenda kama mita 2 kwa sekunde. Tofauti ya Ress na Armstrong ilikuwa sehemu 2 za mia za sekunde, yaani takriban sentimita 4. Kwa sentimita 4 hakuna atakayegusa ukuta kwa upole. Lakini kanuni ya wakati ule ilisema sehemu fulani ya mwili ionekane juu ya maji hadi mwisho, na mwamuzi aliyekuwepo aliona mwili wote umezama. Kamera zikaangaliwa, waliosikiliza rufaa wakaona tofauti. Mwaka uliofuata, 2023, shirikisho la dunia lilibadilisha kanuni: kichwa kikishapita alama ya mita 5 kuelekea ukuta wa mwisho, mwogeleaji anaweza kuzama mwili wote.

Naona mabadiliko hayo ni ya haki. Kanuni ya awali ilimtaka binadamu aamue kwa jicho, katikati ya povu na michirizi ya maji, kama kidole cha mguu kilikuwa juu au chini wakati mkono unagusa padi. Wapo waliohofia kwamba waogeleaji watazama mita 5 nzima wakipiga teke la pomboo, na kwamba chali itapoteza sura yake. Hofu hiyo haina uzito sana. Baada ya mita 45 au 95 za kasi kamili, mapaja yamejaa uchovu, na aliyepungukiwa pumzi hashuki chini kwa hiari. Jambo moja halikubadilika: ukuta wa mwisho lazima uguswe ukiwa chali. Anayejigeuza kifudifudi kwa hamu ya kuona ukuta anaondolewa, hata awe mbele kwa sekunde 5.

Ukiwa na vipimo hivyo kichwani, itazame fainali ya mita 100 ya Mashindano ya Dunia ya Singapore, Julai 2025. Alishinda Mwafrika mwenzetu, Pieter Coetze wa Afrika Kusini, mwenye umri wa miaka 21, kwa sekunde 51.85, rekodi ya Afrika. Thomas Ceccon wa Italia, bingwa wa Olimpiki ya Paris na mwenye rekodi ya dunia ya 51.60 aliyoiweka Budapest mwaka 2022, alikuwa wa pili kwa 51.90. Mfaransa Yohann Ndoye-Brouard akapata shaba kwa 51.92. Sehemu 5 za mia za sekunde kwa kasi hiyo ni chini ya sentimita 10, pungufu ya urefu wa kiganja cha mtu mzima. Coetze alikuwa ameshaonyesha dalili mapema: mwaka 2022, akiwa na miaka 18, alishinda mita 100 chali katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Birmingham kwa 53.78. Ndani ya miaka mitatu amepunguza karibu sekunde 2, na katika mbio za namna hii sekunde 2 ni umbali wa kutisha.

Kwa miaka 20 dhahabu hizi zilikuwa mali ya Marekani. Kuanzia Atlanta 1996 hadi Rio 2016 Wamarekani walishinda kila mbio ya chali ya wanaume katika Olimpiki, ya mita 100 na ya 200, mpaka Mrusi Evgeny Rylov alipozichukua zote mbili Tokyo. Paris zikagawanyika kati ya Italia na Hungaria. Afrika ilikuwa na jina kubwa katika chali kupitia Kirsty Coventry wa Zimbabwe, aliyeshinda mita 200 za wanawake mwaka 2004 na 2008 na ambaye sasa ni rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Kenya nayo imewahi kuwa na mtu wake katika mita 100 chali za wanaume: Hamdan Bayusuf, Rio 2016.

Kisumu ina mazingira yake ya pekee kwa mchezo huu. Vidimbwi vyetu havina paa. Mwogeleaji wa ndani ya jengo hufuata mistari ya dari ili asipinde. Wetu ana mawingu yanayosogea na jua la saa nane machoni, na alasiri upepo wa ziwani unazipeperusha bendera, kama zipo. Mtoto anaishia kugonga kamba ya leni, na kila mgongano unamla muda. Hilo si sababu ya kukata tamaa, kwa maana kidimbwi cha Athens mwaka 2004 hakikuwa na paa, wala cha Roma mwaka 2009, ambapo Peirsol aliweka rekodi ya mita 200 ya 1:51.92. Rekodi hiyo aliiweka akiwa amevaa suti za plastiki zilizopigwa marufuku kuanzia mwaka 2010, na hadi mashindano ya Singapore hakuna aliyekuwa ameifikia. Waliozoea nje hujifunza kuongozwa na kamba ya leni pembeni mwa jicho na kwa usawa wa mivuto ya mikono.

Bendera, hata hivyo, hazina mbadala. Kamba, vitambaa vya rangi, nguzo mbili kila upande, na tepu ya kupimia mita 5 na mita 1.8. Mtoto aliyejifunza chali bila bendera hana hesabu ya mikono, na asiye na hesabu hufanya moja kati ya mawili: anapunguza mwendo na kupapasa, au anagonga kichwa ukutani. Gala inayoandaa mbio za chali bila bendera inawahatarisha watoto, na mzazi ana haki ya kusema hivyo kabla ya mbio kuanza.

Kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028 mita 50 chali zitaingia kwa mara ya kwanza, kwa wanaume na kwa wanawake. Hakuna kugeuka humo. Kuna kujirusha, mita 15 zinazoruhusiwa chini ya maji, na mita 5 za mwisho ambazo sasa mtu anaweza kuzama. Mita 30 za katikati ndizo ambazo mwili lazima uonekane muda wote. Kliment Kolesnikov wa Urusi anashikilia rekodi ya dunia ya 23.55 tangu mwaka 2023. Fainali hiyo ikifika, usimkazie macho anayeongoza. Tazama kwanza alama ya mita 15 kwenye kamba na uone nani kaibuka wapi, kisha hamisha macho kwenye bendera za upande wa pili, na baada ya kuguswa ukuta usishangilie mpaka ubao utulie.